Kitanda Kisichogeuzwa

Jumamosi zote zilifanana pale kwa akina Burrell, juu ya kilima cha Malcolm Gap. Ungepita njiani asubuhi ungemkuta Mama Adassa amekaa barazani kwenye kiti chake, kichwa wazi, anachanwa nywele. Nywele zenyewe nyeupe pe, ndefu kupita kiuno, na alizionea fahari kuliko kitu chochote alichokuwa nacho. Aliyemchana hakuwa mwanawe. Alikuwa Pearlita Gayle, jirani wa nyumba ya pili, aliyekulia mikononi mwa bibi yule tangu hajaota meno ya ukubwani. Zelma, binti wa kuzaa, alikuwa jikoni akikaanga samaki na kuchoma mkate wa muhogo, na vicheko vya wale wawili vilimfikia pale pale alipo.

"Polepole, we mtoto," Mama Adassa angesema. "Unanichana au unalima?"

"Ningekuwa nalima, Mama, ningeshavuna viazi humu."

Akimaliza kumpaka mafuta ya nyonyo, Pearlita alizitoa nywele zilizonasa kwenye kitana, akazikusanya kiganjani, akazichoma kwenye jiko la mkaa. Hazitupwi ovyo, kila mtu pale anajua. Nywele za mtu ni mtu mwenyewe, na zikiokotwa na mkono mbaya, kazi unayo.

Mwaka mmoja nyuma kiharusi kilikuwa kimempiga bibi. Kauli ilirudi kwa taabu. Mkono wa kulia haukurudi. Ulilala mapajani tu, baridi, na ulipotaka kuhamishwa ilibidi uhamishwe na mtu mwingine. Kwa hiyo akitaka maji, chai ya minti, au mtu wa kupiga naye soga, alishika kijiko kwa mkono wa kushoto akagonga kikombe chake cha bati. Ko, ko, ko. Zelma aliacha kazi yake hotelini Montego Bay ili awe karibu na sauti hiyo. Alishona sare za shule kwa cherehani sebuleni, na kikombe kikilia, aliinuka.

Kaka yake Lascelles alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi kule Mandeville. Alikuja Krismasi, na keki, na haraka.

Sasa, kuhusu ile ardhi. Zamani sana, kiharusi hakijafika, Mama Adassa aliandika wosia kwa wakili: shamba na nyumba visiwe vya mtu. Viwe amana mikononi mwa Zelma na Lascelles kwa pamoja, wavitunze kwa niaba ya watoto na wajukuu na watakaozaliwa baadaye, na visiuzwe kamwe. Chini ya mipimento, ile miti ya viungo kule nyuma, walizikwa mumewe, wazazi wake na wazazi wa wazazi wake, makaburi yamepakwa chokaa kila mwaka. Atakayeuza shamba atawauza na hao. Zelma aliijua ahadi hiyo kama alivyojua jina lake.

Mama Adassa alikufa Jumanne moja mchana, usingizini. Wakamzika kesho yake pembeni mwa mumewe. Maua hayajanyauka, Lascelles akaja na bahasha.

Wosia mpya. Umeandikwa wiki chache kabla ya kifo, unafuta ule wa zamani, na unampa Lascelles kila kitu, peke yake, afanye apendavyo. Chini kulikuwa na sahihi ya mama, imetiririka vizuri, na mkia mrefu mwishoni. Chini ya sahihi, mashahidi wawili. Mmoja karani ambaye tangu hapo alikwenda Kanada na hajulikani alipo. Wa pili: Pearlita Gayle.

Zelma hakungoja hata kuvaa viatu. Alikimbia peku mpaka kwa Pearlita.

"Hii ni sahihi yako?"

Pearlita aliitazama. Kisha akaweka mkono kifuani. "Wameighushi, shoga yangu. Wameghushi yangu na ya mama. Mkono ule ulioshindwa kushika kijiko, utaandikaje hivi? Mimi si ndiye niliyekuwa namlisha?"

"Utasema hivyo mahakamani?"

"Nitasema mbele ya jaji, mbele ya Mungu, na mbele ya huyo kaka yako akitaka nimtemee mate."

Walikumbatiana, wakalia. Tangu siku hiyo Zelma alilala usingizi. Wakili wake, Bi Tomlinson, alimwambia kesi ya wosia husimama au kuanguka kwa mashahidi walioona sahihi ikitiwa. Shahidi wa pekee aliyepatikana alikuwa rafiki yake. Basi alikuwa na wasiwasi gani tena?

Ikafika siku ya usiku wa tisa tangu kifo. Wasomaji wangu mfahamu kwamba pale maiti haiagwi kaburini. Inaagwa usiku wa tisa. Watu huja na ngoma na ramu nyeupe, supu ya kichwa cha mbuzi inachemka uani, wanaimba mpaka koo zinakauka. Kisha wanaingia chumbani mwa marehemu, wanageuza godoro, wanakihamishia kitanda ukuta mwingine, wanafagia kuelekea mlangoni. Mwenye chumba akirudi asikitambue. Aone pamekuwa pageni, aende zake.

Alasiri ya siku hiyo, masufuria yameshainjikwa, akaja ofisa wa mahakama na zuio. Lascelles alikuwa amemweleza jaji kwamba dada yake ataiba vitu vya marehemu. Basi imeamriwa: kitu chochote cha Mama Adassa kisisogezwe mpaka kesi iishe. Ofisa akaingia chumbani, akataja kimoja kimoja kwa sauti huku akiandika. Kitanda kimoja, kichwa upande wa dirisha. Kikombe cha bati, na kijiko. Kitana kimoja, kitupu. Akafunga kufuli, akapiga lakiri ya nta juu yake, akaondoka na ufunguo.

Wazee walipiga kelele. Wengine walitaka kuvunja mlango. Zelma alisimama katikati ya ua, hajui ashike lipi. Bi Tomlinson alikuwa amemwonya kwenye simu: ukivunja zuio, jaji hatakuamini tena neno lako lolote.

Aliyemshika bega ni Pearlita. "Tusiguse kitu, shoga," alimnong'oneza. "Sheria ni sheria."

Basi wakaimba, wakanywa, wakatawanyika. Kitanda kikabaki pale pale, kichwa upande wa dirisha.

Siku chache baadaye, saa ya mchana, jua limewaka, Zelma alikuwa anashona kola. Akasikia. Ko, ko, ko. Miguu yake iliinuka kabla ya akili, ikampeleka mpaka mlangoni, mkono kwenye kitasa. Ndipo akaiona kufuli. Lakiri nzima. Alisimama hapo ameshika kitasa, na kitasa kilikuwa na uvuguvugu.

"Mama?"

 Kisha kwa ndani, taratibu, kijiko kikawekwa chini.

Hakumwambia mtu ila Pearlita, na Pearlita alicheka kicheko kifupi, akabadilisha mazungumzo. Ila Zelma aliona kitu. Tangu usiku wa tisa Pearlita hakuja tena ndani. Akifika aliishia kwenye ngazi za baraza, na hata akiitiwa kahawa aliinywa akiwa amesimama. Na Jumamosi zilipofika, chini ya mlango ule uliofungwa ilitoka harufu ya mafuta ya nyonyo, mabichi, mengi.

Kesi ikasikilizwa Kingston. Zelma alivaa gauni lake la kanisani. Alimshonea na Pearlita gauni jipya la bluu, kwa kitambaa chake mwenyewe. Walikula mkate na samaki njiani wakichekeana.

Pearlita akaitwa kizimbani. Akainua Biblia kwa mkono wa kulia, akaapa. Bi Tomlinson akamwonyesha wosia.

"Hii ni sahihi yako?"

"Ndiyo, ni yangu."

Zelma alidhani amesikia vibaya.

"Ulimwona Bi Adassa Burrell akitia sahihi yake?"

"Nilimwona kwa macho yangu."

"Alishika kalamu kwa mkono gani?"

"Wa kulia, Mheshimiwa."

Zelma hakupiga kelele. Alilitazama lile gauni la bluu. Alikumbuka pindo lake, jinsi alivyolishona kwa mkono ili uzi usionekane. Moyo ulimwuma kwa namna ambayo hata siku ya msiba haukumwuma, kwa maana mama alikufa bila kutaka, lakini huyu alikuwa amekaa naye, amekula naye, amevaa nguo yake, na muda wote alikuwa anajua.

Hapo ndipo iliposikika, wazi, ukumbi mzima. Ko, ko, ko.

Jaji aliinua kichwa. "Nani anagonga?"

Watu walitazamana. Karani alichungulia chini ya meza. Lascelles alijikohoza. Pearlita peke yake hakugeuka. Alikuwa anautazama mkono wake wa kulia, na Biblia ilikuwa imeanguka sakafuni.

Daktari alikuwa ameandika kwamba mkono wa mama ulikuwa "dhaifu", na wakili wa Lascelles alisema dhaifu si kufa. Kuhusu Pearlita, jaji alisema amemwamini kwa sababu haambulii chochote. Sheria hairuhusu shahidi wa wosia kurithi kwa wosia huo huo, na kweli jina lake halikuwa limeandikiwa hata kuku. Shahidi asiye na faida, alimwita. Lascelles akashinda.

Zelma alimkuta nje, kwenye kivuli cha ukuta.

"Kwa nini, Pearlita?"

"Ameniahidi nyumba ya tofali. Kwa mdomo, maana kwenye karatasi haifai." Macho yake yalikuwa makavu. "Usinitazame hivyo. Nimemchana mama yenu maisha yangu yote. Nimemtawaza. Kwenye ule wosia wenu mzuri wa watoto na wajukuu, mimi nilitajwa wapi? Taja mstari."

 Neno hilo lilimchoma Zelma kuliko uongo wenyewe, kwa kuwa lilikuwa kweli.

Bi Tomlinson alikata rufaa, na zuio likaendelea. Kufuli ilibaki mlangoni. Lascelles alikuwa ameshampata mnunuzi anayetaka kujenga majumba ya wageni. Ilibaki rufaa tu ianguke. Zelma alishona, akangoja. Kijiko kiligonga mchana kweupe, siku nyingine asubuhi, siku nyingine jua likizama. Alikoma kuinuka.

Kijijini wakaanza kusema kuhusu Pearlita. Kwamba anaitikia "Abee, Mama!" sokoni katikati ya watu, hakuna aliyemwita. Kwamba amenyoa nywele zote. Kwamba chumvi inamponyoka mkono wa kulia.

Akaja Jumamosi moja, adhuhuri. Zelma alimwona akipanda kilima, na kivuli chake kifupi miguuni. Alikuwa amevaa lile gauni la bluu. Safari hii alipita ngazi, akapita baraza, akaingia sebuleni, akapiga magoti kando ya cherehani. Alinuka mafuta ya nyonyo.

"Zel. Mgeuze."

"Nimgeuze nani?"

"Kitanda. Kigeuze leo. Vunja kufuli." Alinong'ona huku akiutazama mlango. "Ananiita nimchane. Kila Jumamosi. Naamka nipo humo ndani, Zel. Sijui naingilia wapi. Amekaa ananipa mgongo. Nachana, nachana, haziishi. Na hageuki."

 Hasira ya Zelma ilikuwa na nguvu kuliko hofu.

"Nenda kwa jaji. Mwambie ukweli. Ukirudi, nitageuza."

"Siwezi. Nikifungua mdomo kuyasema hayo, anaugeuza uso kidogo. Kidogo tu. Akigeuka kabisa nitamwona." Machozi yalimtiririka. "Geuza kwanza aondoke, halafu nakwenda. Naapa. Nitasema yote, kalamu, karani, kila kitu. Shamba lenu litarudi."

"Uliapa na Kingston."

"Zel..."

"Niligharamia na gauni."

"Shoga yangu, tafadhali."

Hapo kilikuwepo kila kitu, mbele ya Zelma, kinapiga magoti. Shamba, nyumba, makaburi ya mipimento. Nyundo ilikuwa jikoni. Kipigo kimoja. Lakini kama ni mtego? Kama Lascelles amemtuma, zuio livunjwe, rufaa ife leo leo? Mtu huyu alimwangalia usoni akamlilia begani, na siku ile ile alikuwa ameshauza. Zelma alimtazama machoni na hakuona kitu alichoweza kukiamini. Kilichokuwa kimeondoka Kingston hakikurudi.

"Tusiguse kitu," alisema. "Sheria ni sheria."

Pearlita aliyatambua maneno. Alifumba macho. Alitaka kusema jambo, na midomo ilishaanza.

Ko.

Mara moja tu. Kutoka chumbani.

Pearlita aligeuza kichwa kwenye ule mlango, taratibu, kama mtu aliyeguswa bega. Macho yakamtoka. Mdomo ukapinda upande mmoja. Akaanguka juu ya mabaki ya vitambaa vya sare, na mkono wa kulia ukamlalia tumboni, baridi.

Hakufa. Yuko hospitali, amelala, hasemi. Shahidi wa pekee aliyepatikana wa wosia ule hatasema tena neno, si la kweli wala la uongo. Manesi wanasimulia kwamba siku zote ametulia, isipokuwa Jumamosi asubuhi. Hapo mkono wa kushoto unainuka peke yake, unashika kitu kisichoonekana, unashuka polepole hewani. Unainuka. Unashuka. Mpaka adhuhuri.

Jioni ile Zelma aliuweka uso wake kwenye mbao za mlango. Hakuogopa tena. Aliumia.

"Alikuwa anakwenda kusema, Mama," alisema. "Alikuwa ameshafungua mdomo. Nimeacha kazi, nimeacha ujana wangu kwa ajili yako, na wewe umemnyamazisha. Hata wewe."



Rufaa ikaanguka. Hakukuwa na ushahidi mpya, na aliyekuwa nao hakuwa na ulimi. Asubuhi ya makabidhiano alikuja yule yule ofisa wa mahakama, na Lascelles nyuma yake na miwani ya jua. Zelma alikuwa amefunga mizigo miwili na cherehani. Alikuwa amekwisha kwenda kule nyuma, akapaka makaburi chokaa kwa mara ya mwisho.

Lakiri ilikuwa nzima. Ofisa aliikata, akafungua, akaingia peke yake. Vumbi lilikuwa limetanda sakafuni kama unga, na hapakuwa na unyayo. Wakamsikia akisoma kwa sauti. Kitanda kimoja, kichwa upande wa dirisha. Kikombe cha bati, na kijiko. Kisha ubao wa sakafu ukalia, kama amerudi nyuma hatua.

"Nini?" Lascelles aliuliza kutoka barazani. Hakuwa amekanyaga hata kizingiti.

"Kitana," alisema ofisa. Alitoka amekishika kwa ncha za vidole, mbali na mwili. "Niliandika kitupu."

Kilikuwa kimejaa. Nywele nyeupe, ndefu, zimesokotana kwenye meno yote, zinameremeta kwa mafuta mabichi. Na katikati yake, vipande vifupi vyeusi vya mtu aliyenyoa.

"Kitupe huko," Lascelles alisema. "Nipe nitie sahihi, nina watu wananingoja."

Zuio lilikuwa limekwisha. Zelma aliutazama mlango ulio wazi. Sasa angeweza. Hapakuwa na sheria ya kumzuia kuingia, kuligeuza godoro, kukihamisha kitanda, kufagia kuelekea nje. Lingekuwa jambo la dakika chache, na pale hapakuwa na mwingine mwenye haja ya kulifanya. Kaka yake alikuwa mtu wa mjini, aliyacheka mambo hayo tangu ujana.

Alijitwika mzigo wake.

"Sijagusa kitu, kaka," alisema. "Nimekuachia vyote kama vilivyo. Na yeye nimekuachia."

"Yeye nani?"

Zelma alishuka ngazi. Nyuma yake alisikia kalamu ikianguka kwenye mbao, ikibingirika.

"Ganzi tu," Lascelles alikuwa akimwambia ofisa, akijichekesha, akiutikisa mkono wa kulia. "Nimeulalia." Aliinama akaiokota kwa mkono wa kushoto. Alitia sahihi hivyo hivyo, na maandishi yakapinda kama ya mtoto.

Ofisa ndiye aliyeona, na ndiye aliyekuja kutusimulia baadaye, akiwa amekwisha acha ile kazi. Anasema alipopokea karatasi alitazama ule mkono wa kulia uliokuwa unaning'inia. Kwenye kidole cha kushikia kalamu palikuwa na unywele mmoja mweupe, mrefu, umezungushwa na kuzungushwa mpaka nyama imegeuka rangi. Fundo lake lilikuwa limefungwa vizuri, na lilikuwa bado na mafuta.